Mshauri Anayethubutu Kukataa

Makala kuu za toleo hili zinahusu programu za kitaalamu zinazomshauri kamanda wa manowari: ndege inayoonekana kwenye rada ni ya adui, au ni ya abiria? Msomaji wa Pinga, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, pale wilaya ya Masisi inapopakana na Walikale, atauliza bahari inamhusu nini. Inayomhusu ni anga.

Tangu Desemba 2013, MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ulipoanza kurusha droni kutoka Goma, anga ya Kivu ya Kaskazini imezidi kujaa. Tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya MONUSCO ilianguka Tchanzu, Rutshuru, katikati ya mapigano, wakafa watu 8. Tarehe 24 Januari 2023 Rwanda iliirushia kombora ndege ya kivita ya Kongo, Sukhoi-25, ikidai imevuka mpaka, Kinshasa ikakana.

Wapo wanaosema uamuzi wa kuifyatulia ndege kombora usiguswe na mashine. Kisa cha Mlango-Bahari wa Hormuz kinawajibu. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani, USS Vincennes, iliiangusha Airbus ya Iran iliyokuwa ikitoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Watu 290 waliangamia. Kumbukumbu za Aegis, mtambo wa rada na silaha wa manowari hiyo, zilionyesha ndege ikipaa, ilhali mabaharia walimwambia nahodha inashuka kuwashambulia. Takwimu zilikuwa sahihi. Hofu ndiyo iliyozisoma. Tangu ndege iruke hadi ipigwe zilipita dakika 7 hivi.

Hapo ndipo programu ya kitaalamu ingefaa. Hubeba maarifa ya mabingwa kwa kanuni: ikiwa ndege inapaa, imo katika njia ya abiria, na inatoa alama ya kiraia, basi usiihesabu adui. Lakini mshauri anayeitikia kila analodhani mkubwa wake huharakisha kosa tu. Anayefaa hutanguliza ushahidi unaomkatalia kamanda, hutaja sababu zake, na hukiri pale asipojua.

Tena kanuni za Hormuz hazihamishiki hivihivi. Milima ya Masisi huificha ndege inayoruka chini, na helikopta ya misaada hupita vilima vilevile inavyopita droni ya vita.

Kwa hiyo anayenunua mtambo wa kulinda anga ya Kivu adaiwe jambo moja kabla ya sifa za makombora yake: rekodi ya kila onyo lililotolewa, pamoja na jina la aliyelipuuza.