Klipu ya mwanafunzi ipigwe kwenye kartye, si kando ya bwawa la hoteli

Klipu nyingi za wanafunzi zinazozunguka kwenye simu za watu wa Kolwezi zinafanana kama sare za shule. Jeep ya kukodi, miwani myeusi, bwawa la kuogelea la hoteli, noti za faranga zinazorushwa hewani na kuokotwa haraka kabla mwenyewe hajazidai. Mtu akiangalia dakika tatu na nusu hawezi kujua kama ni Kolwezi, Lubumbashi ao Luanda. Hakuna mlima wa mchanga wa mgodi, hakuna mwembe, hakuna mama mwenye mbabula mbele ya mlango. Hata vumbi hakuna, na Kolwezi bila vumbi katika mwezi wa nane ni uongo.

Hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu kama kartye zenyewe zingebaki mahali pake. Hazibaki. Kule Kasulo, mwaka 2014, kobalti ilionekana chini ya nyumba ya mtu, na baada ya miezi michache watu walikuwa wanachimba ndani ya viwanja, ndani ya jikoni, hata chini ya vitanda. Mwaka 2017 sehemu ya kartye ilipewa kampuni ya Congo Dongfang Mining, familia mia kadhaa zikahamishwa, ukuta ukajengwa. Kule Cité Gécamines wanaishi watu wapata 39,000 kando ya mgodi wa COMMUS uliofunguliwa tena mwaka 2015. Ripoti ya Amnesty International na shirika la Kolwezi IBGDH, iliyotoka mwaka 2023, inaeleza namna watu wa huko walivyoona misalaba myekundu kwenye kuta za nyumba zao. Wengine ndivyo walivyojua kwamba watahama.

Basi mwanafunzi anayekodi jeep ili asionekane kwamba anakaa Musonoi anasaidia buldoza bila kulipwa. Mashine inabomoa nyumba. Yeye anaondoa nyumba kwenye picha.

Wengine wamekwisha kuipiga picha Kolwezi, tena siku nyingi. Mwaka 1980 ilitoka sinema ya Kifaransa yenye jina la mji huu, La Légion saute sur Kolwezi, ya Raoul Coutard, juu ya vita vya Mei 1978. Ilipigwa Guyane ya Ufaransa, Amerika ya Kusini, ng'ambo ya Atlantiki. Kolwezi ilitoa jina na wafu, Guyane ikatoa picha. Mwaka 2016 Mbelgiji Idriss Gabel alitoa Kolwezi On Air, juu ya wandishi wa televisheni ya hapa, RTMA: hata siku ambapo watu wa Kolwezi ndio wameshika kamera, kuna kamera nyingine ya mgeni inawatazama. Mwaka uliofuata Emmanuel Gras alipata tuzo kubwa ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes kwa Makala, sinema ya mwanaume anayechoma makala kijijini na kuyasukuma kwa baiskeli mpaka mjini. Ni kazi nzuri, na Kiswahili chake ni cha hapa hapa. Mwenye kamera alitoka Ufaransa.

Mgeni kupiga picha si dhambi. Aibu ni kwa mtoto wa Kolwezi kubeba mfukoni simu ambayo betri yake labda ina kobalti ya nyuma ya shule yake, halafu anaitumia kuigiza Miami.

Wanafunzi wana jibu, na si jibu la kijinga. Wanasema hawataki huruma. Wamechoka na picha ya mtoto mwenye mfuko wa mawe kichwani, picha inayosafiri dunia nzima bila mtoto mwenyewe kupata hata daftari. Wanataka kuonekana wazuri, wakubwa, wenye furaha. Ni haki yao kabisa. Lakini nani amesema kwamba kartye ni mahali pa kulia tu? Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya, humu humu Lualaba, aliporekodiwa na Hugh Tracey kule Likasi mwaka 1952, hakwenda kulia mbele ya maikrofoni. Alipiga gitaa namna ambayo wapiga gitaa wa nchi za mbali wanaihangaikia mpaka leo. Kartye ina harusi, ina mpira wa Jumapili, ina munkoyo, ina wamama wanaocheza kuliko wacheza wote wa klipu hizo. Furaha ya bwawa la hoteli inalipwa kwa saa, na saa ikiisha mlinzi anafungua geti.

Kosa linaanza kwenye mpango. Wanafunzi wengi huanza na nguo, kisha gari, kisha mahali, na wimbo unamalizika usiku wa mwisho. Ingefaa wimbo umalizike kwanza kabisa. Halafu kikundi kikae na daftari, kiusikilize mara kumi, kiandike kwa kila sekunde ishirini nani anaonekana, wapi, anafanya nini. Siku moja kabla ya kupiga, waende bila kamera. Wapige hodi. Mama mwenye nyumba asalimiwe, aelezwe, aulizwe kama anataka nyumba yake ionekane na kama jina la avenue linaweza kutajwa. Na kwa familia ambayo malipo yake ya kuhama bado yanajadiliwa, aulizwe mara mbili, kwa sababu uso kwenye klipu unaweza kumletea mtu maneno ofisini. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mlango wake ni mzuri kuliko yote. Watoto wadogo walio kazini kwenye karyeri wasipigwe hata kidogo; hao wageni wamekwisha kuwapiga vya kutosha.

Kuhusu kupiga kwenyewe, maneno si mengi. Bafle iwe karibu na mwimbaji na ipige wimbo ule ule wa studio, kwa sauti kubwa, ili midomo ifuatane na maneno. Anayetaka mwendo wa polepole auharakishe wimbo mara mbili, mwimbaji aimbe haraka hivyo hivyo, simu ipige picha 60 kwa sekunde. Kwenye montaji picha inarudishwa nusu ya mwendo na midomo inakaa sawa. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, kisha kuanzia saa kumi jioni. Jua la saa sita linageuza macho ya mtu kuwa mashimo mawili meusi.

Tabu kubwa haitoki kwa jua. Inatoka kwa mtu mwenye yunifomu, ao asiyekuwa nayo, anayekuja na maneno yale yale: "Batoto, muko nafanya nini apa?" Wanafunzi wanajibu kwa heshima: "Papa shefu, tuko napiga klipu." Simu inachukuliwa. Picha zinafutwa. Mazungumzo yanaishia kwenye madesu ya bana, na pesa ya chakula cha kikundi inakwenda.

Iwekwe wazi. Ndani ya uzio wa kampuni, kuingia bila ruhusa ni kosa, na pia ni hatari, mwanafunzi asiingie. Lakini avenue si ndani ya uzio. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake kwa neno, kwa maandishi na kwa picha, mradi aheshimu sheria, utulivu wa umma na desturi njema. Picha imetajwa humo. Kifungu cha 46 kinalinda uhuru wa kubuni kazi za sanaa. Mlinzi anayemfutia mwanafunzi picha ya nyumba ya bibi yake halindi mgodi wowote. Na viongozi wa shule wasijifiche: barua moja ya shule kwa bugumesta wa Dilala ao wa Manika, yenye siku, saa na majina ya avenue, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa mfukoni mwa mwanafunzi mkubwa, inapunguza maneno mengi barabarani. Ni karatasi moja. Shule inayopanga wanafunzi wake kando ya barabara kuimba saa tatu kwenye jua mgeni mkubwa anapokuja haiwezi kusema kwamba muziki ni kazi ya wahuni.

Woga huu una mizizi mirefu. Tangu dekreti ya 21 Februari 1996 nchi ina tume ya kuchunguza nyimbo na michezo. Mwezi wa Novemba 2021 tume hiyo ilipiga marufuku wimbo wa kikundi MPR, Nini tosali te, pamoja na wimbo wa Bob Elvis. Watu walipiga kelele nchi nzima, na kwa MPR marufuku ikaondolewa upesi. Mwanafunzi wa Kolwezi alisikia yote mawili, marufuku na kelele, lakini alichokumbuka ni marufuku. Ndiyo maana bwawa la hoteli linapendwa hivyo. Maji ya buluu hayamkasirishi mtu yeyote.

Baadaye inakuja montaji, na hapo ndipo kartye inauawa mara ya pili, mara hii na rafiki. Kwanza mtu asubiri umeme. Kolwezi iko karibu na mabwawa ya Nseke na Nzilo, na laini ya Inga, inayosafiri kilomita zaidi ya 1,700 kuvuka nchi, inaishia hapa hapa. Iliwekwa kwa ajili ya migodi, na mwanafunzi anafanya montaji saa nane za usiku kwa asilimia kumi na moja ya betri, haraka haraka, kabla SNEL haijakata tena. Kwa haraka hiyo anaondoa kila kitu kisichoruka na ngoma. Mama aliyesimama mlangoni sekunde sita anaondolewa. Mzee aliyeonyesha kwa mkono mahali kisima kilipokuwa anaondolewa. Kinachobaki ni wale wale wanne, wanarusha mikono.

Zile sekunde sita zibaki. Wimbo una mahali pa kupumua, kati ya kiitikio na ubeti wa pili, ambapo sauti ya mwimbaji inanyamaza. Picha ya mlango inakaa hapo bila kumsumbua mchezaji yeyote.

Na picha zilizokatwa zisifutwe kamwe. Kijiji cha Mukumbi, upande wa Mutoshi, kiliungua tarehe 7 Novemba 2016, na wachunguzi walipotaka kuhakikisha maneno ya watu walilazimika kutafuta picha za setilaiti, zilizopigwa kutoka juu mbinguni. Fikiria kama kikundi kimoja cha vijana kingekuwa kimepiga klipu pale mwezi wa kumi, yenye nyumba, miti na njia, pamoja na siku iliyoandikwa. Klipu si hati ya kiwanja, na hakuna anayepaswa kuiuzia familia ndoto hiyo. Lakini siku ambapo familia inaambiwa kwamba jikoni lake halikuwa la matofali, ao kwamba mwembe haukuwa umekomaa, picha yenye tarehe ni bora kuliko kiapo. Kwa hiyo nakala mbili: moja kwenye kadi memori, nyingine kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine. Na daftari lile la mpango lisitupwe, kwa maana ndani yake kuna avenue, siku na saa.

Kuna watu ambao klipu kama hiyo ingekuwa yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine, nao ni familia zilizohama. Wengi wametawanyika, kila mmoja alipopata kiwanja cha bei aliyoweza, na hawana mega za kuangalia klipu nzito. Itengenezwe nakala ndogo ya kupita kwenye WhatsApp. Kwa wasiokuwa na simu kubwa, sauti peke yake ipelekwe kwenye radio, na mwanzoni mwa wimbo msichana ao kijana ataje kwa Kiswahili majina ya avenue zilizopigwa, moja moja, bila haraka. Msikilizaji aliyeondoka pale miaka minane iliyopita hahitaji picha ili kujua ni wapi.

Na kabla klipu haijatolewa, ionyeshwe kwao kwanza, kwenye ukuta uliopakwa chokaa ao kwenye shuka, jioni, watoto wakiwa mbele. Wanafunzi wasimame nyuma na kalamu mkononi. Mzee akisema kwamba avenue ile ilikuwa na miembe miwili na klipu inaonyesha mmoja tu, montaji haijaisha.