Nondo nao wahesabiwe

Ndugu Mhariri,



Mwishoni mwa Agosti mwaka jana nilikuwa Dungeness, pwani ya Kent, Uingereza, nikimtembelea kijana wangu. Huko kipo kituo cha kutazama ndege tangu 1952. Asubuhi wenyeji walifungua sanduku lililowashiwa taa usiku kucha. Chini ya trei za mayai walijibanza nondo wa kila rangi. Wakawataja majina mmoja mmoja, wakaandika daftarini, kisha wakawaachia majanini. Watu wazima, tena wenye mvi! Juu ya nyaya mbayuwayu walikwishajipanga kwa safari ya Afrika.

Niliporudi Tanga, sululu wenye midomo iliyopinda walikwisha kuwasili kutoka kaskazini. Watoto wanawapiga kwa manati, nasi wazazi tunatazama tu. Jina la ndege yule hawalijui.

Walimu wetu wasisingizie ukosefu wa vifaa. Nondo huhitaji shuka jeupe, taa na daftari. Ndege huhitaji macho tu na maji kupwa. Wahusika wa elimu wilaya za pwani wanangoja nini? Shuka nitatoa mimi.

Msomaji wako,
Tanga.