Shayiri Iliyofichua Hekalu

Atembeaye juu ya ardhi haoni yote yaliyo chini ya nyayo zake. Huko Caistor, katika jimbo la Norfolk nchini Uingereza, wakulima walilima miaka mingi ndani ya kuta kuukuu za mji wa Warumi, wala mpangilio wa mji wenyewe haukuonekana. Julai 1928, wakati wa ukame, ndege ya Jeshi la Anga la Uingereza ilipita juu yake na kupiga picha. Shayiri ilikuwa imechora ramani ya barabara na misingi ya majumba.

Mkulima ataielewa sababu yake upesi. Juu ya ukuta uliozikwa, udongo ni haba. Mizizi hukosa maji, mmea hudumaa na kuwa manjano mapema. Juu ya handaki la kale udongo una kina, na mmea hurefuka na kubaki kijani. Mvua ikinyesha, alama hizo hufifia.

Hekalu lina alama yake. Katika Uingereza ya Warumi, mahekalu mengi yalijengwa mraba ndani ya mraba: katikati chumba cha mungu, na kando yake njia ya kukizunguka. Hata hivyo picha huonyesha tu. Jembe ndilo lithibitishalo. Uchimbaji ulioanza mwaka 1929, ukiongozwa na Donald Atkinson, ulifukua mahekalu mawili ya namna hiyo.

Basi mstari wa manjano ulionyooka shambani, sikuzote si upungufu wa mbolea. Yafaa kuutazama vema kabla ya kuupitishia plau.