MAADILI YA BIASHARA: WANAFUNZI WANAJIFUNZA KWA NANI?

Muulize mwanafunzi wa biashara wa Moshi, Nairobi au Marekani kama rushwa ni mbaya. Wote watakujibu vizuri, kwani hilo ni jibu la mtihani. Jeffrey Skilling alisomea biashara Harvard, akaiongoza Enron iliyoanguka 2001 kwa hesabu za uongo. Alifungwa 2006.

Sasa tuje kwetu Moshi. Chuo cha Ushirika kilianza 1963, kikawa chuo kikuu 2014. Wakulima wa kahawa wa mlimani walikuwa wamesajili KNCU yao tangu 1933. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika kwa amri tu, mali zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Kijana anayesoma historia hiyo atajifunza nini juu ya jasho la mwenzake? Mwaka 2000 wakubwa wakahalalisha takrima za wagombea (eti ukarimu wa Kiafrika!), hadi Mahakama Kuu ilipoitengua 2006.

Basi ninyi mnaopima maadili ya wanafunzi, waulizeni hivi: mama wa Kibosho kaleta kilo 40 za kahawa, mjomba wako mwenye mizani anakwambia andika 38. Utaandika ngapi?