Kaketi Katikati ya Kilima Karagwe, Povu la Nini?

Picha yenyewe haina ajabu. Mwanadada wa filamu, sura inayojulikana kwa kila mwenye king'amuzi sebuleni, amekaa juu ya jiwe katikati ya kilima upande wa Bweranyange, wilayani Karagwe. Raba zimejaa vumbi, chupa ya maji mkononi, mekapu imeshaaga zamani. Nyuma yake bonde na migomba. Picha hakuiposti yeye. Kaiposti yule kijana wa mazoezi, mwenye jimu mjini na wafuasi wa kumwaga, aliyewakusanya mastaa wenzake Ijumaa na kuwarudisha Jumatatu, safari aliyoinadi wiki nzima kuwa ni "mlima mtakatifu wa wikiendi, mwepesi, hata asiyewahi anafika". Chini ya picha kaandika: "Wengine waliishia hapa." Akaongeza na vikatuni vya kucheka.

Basi, povu likamwagika. Tipwatipwa kashindwa na kichuguu. Apunguze chipsi kwanza. Kuna aliyeandika "mlima umemkataa", na hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote, ikasambazwa mpaka kwa watu wasiojua hata Karagwe iko mkoa gani. Mwanadada kanyamaza. Kafunga sehemu ya maoni, na watu wake wa karibu wanasema kuna kazi ya tangazo alikuwa aianze, kaomba isogezwe mbele. Mtu anayekula kwa sura yake anapoanza kuificha sura, huo si utani tena.

Sasa turudi kwenye hilo la mlima kumkataa mtu. Walioandika walidhani wanatania, kumbe wamegusa habari ya kweli ya Karagwe, ila wameishika kichwa chini miguu juu.

Bweranyange ndiko ilikokuwa ikulu ya watawala wa Karagwe. Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika huko wakihangaikia chanzo cha Nile, wakapokewa vizuri na Rumanyika, huyo huyo ambaye jina lake limo leo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant alibaki, mguu umemvimba hauwezi kukanyaga. Mwanajeshi mzima, aliyekuja kwa miguu kutoka pwani, "aliishia hapa" miezi kadhaa, wala hakuna aliyemwekea vikatuni.

Rumanyika alimsimulia Speke jinsi alivyopata kiti baada ya baba yake kufariki. Kwanza ililetwa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini imetiwa dawa ili asiyestahili asiweze kuinyanyua. Ndugu zake wakashindwa. Yeye akainyanyua kwa kidole kidogo. Kisha kukawa na jaribio la pili, na hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Mrithi aliketishwa chini mahali maalumu pa nchi. Ardhi ikaanza kunyanyuka naye taratibu, ikapanda na kupanda mpaka ikalingana na mawingu. Kama mizimu imemkubali, ilimshusha polepole bila hata mchubuko. Kama haikumkubali, kilima kilikunjika ghafla, naye akaanguka na kusagika.

Umeona hapo? Mrithi hakupanda chochote. Hakuna mbio wala saa ya mkononi ya kuhesabu hatua. Alikaa kitako, akatulia, kilima ndicho kilichofanya kazi. Kwa hesabu za Karagwe yenyewe, aliyekaa juu ya jiwe hajakataliwa na mtu. Kama kuna wa kuogopa kilima kukunjika, labda ni yule aliyekuwa anakimbia juu huku anajirekodi.

Na neno "mtakatifu" lililowekwa kwenye tangazo kama pambo, nalo lina uzito wake. Baba yake Rumanyika, ambaye Speke anamwandika Dagara, hakufukiwa ardhini. Alipelekwa juu ya kilima ambacho Mzungu huyo alikisikia kwa jina la Moga-Namirinzi, akajengewa nyumba juu yake, na simulizi aliyopewa Speke inasema ndani waliingizwa wasichana watano na ng'ombe hamsini, mlango ukazibwa, wakafa kwa njaa. Ndio utakatifu wa vilima vya huko. Una wafalme ndani, na una mabinti ambao hakuna aliyewauliza. Mtu akienda kupiga picha za kuruka ruka kileleni, angalau ajue amekanyaga nchi ya namna gani.

Kuna waliojitokeza kumtetea mwanadada, na nia yao ni njema. Wakasema jamani, huko Karagwe zamani bonge ndiye alikuwa malkia! Ni kweli. Ikulu ya Rumanyika ilisifika kwa wanawake walionenepeshwa kwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama wenyewe. Speke aliduwaa, akaomba kumpima mmoja wao, shemeji yake mfalme. Dada wa watu hakukubali hivi hivi. Speke ikabidi aahidi kumwonyesha naye mikono na miguu yake mitupu, ndipo akakubaliwa. Akaandika kila kitu: kifua futi 4 na inchi 4, paja futi 2 na inchi 7. Kitabu kikachapishwa London 1863, na vipimo vya shemeji wa watu vinasomwa mpaka leo.

Lakini wanaoshangilia habari hiyo wamalizie kuisoma. Pembeni ya mama huyo alikuwepo binti yake wa miaka 16, amekaa na chombo cha maziwa mdomoni, na baba amesimama hapo na fimbo mkononi kuhakikisha hapumziki. Huyo binti hakuwa malkia wa kujivunia mwili wake. Alikuwa mtoto anayelishwa kwa kutishwa. Kwa hiyo utetezi wa "zamani tulipenda wanene" haumsaidii mwanadada wetu hata kidogo. Zamani baba alishika fimbo ili binti anenepe. Mzungu akaja na utepe wa kupimia. Leo kijana wa jimu ameshika simu ili dada apungue. Vitu vimebadilika mkononi, ila bado kuna mtu amesimama juu ya kichwa cha mwanamke aliyekaa chini, anamwamulia mwili wake uweje.

Kijana anajitetea. Anasema ni utani wa marafiki, tena ni hamasa, kwamba akichekwa leo kesho atafanya mazoezi. Hamasa ya wapi hiyo? Tangazo lake lilisema safari ni ya wanaoanza. Aliyeanza ni yupi kama si yule aliyechoka katikati? Wengine kwenye ile safari wanacheza mpira na kudansi jukwaani kila wiki, hao si wanaoanza. Mteja halisi wa safari ile alikuwa mmoja, na ndiye aliyeanikwa. Pitia yale maoni uone wanawake walioandika kwa sauti ya chini, katikati ya kelele: nilitaka kujiandikisha safari ijayo, sasa basi. Mfanyabiashara mwenye akili angeyasoma hayo kabla ya kuhesabu likes.

Ukweli ni kwamba vilima vya Karagwe na Kyerwa vinamfaa kabisa mtu asiyewahi kupanda mlima. Hakuna kamba, hakuna barafu, hakuna haja ya begi la milioni. Ni nyasi, mawe, na vijia vinavyopitwa na watoto na mbuzi kila siku, chini kahawa na ndizi, juu upepo. Kukiwa kweupe, kutoka kwenye miinuko ya magharibi macho yanaenda mbali upande wa Rwanda. Speke mwenyewe aliiona milima mikali ya Rwanda akiwa bado Karagwe. Lakini wepesi huo una masharti yake. Sehemu kubwa ya Karagwe iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyelala Dar juzi, akakesha jana kwenye sherehe ya kuwakaribisha mastaa, akaanza kupanda saa nne jua limeshachachamaa na kwenye nyasi hakuna kivuli, huyo atakaa juu ya jiwe tu, awe mnene awe kimbaumbau. Waliokuwepo wanasimulia kuwa walianza saa nne na nusu, maana mmoja wa mastaa alikuwa anasubiri simu yake ijae chaji. Hiyo hatujaiona ikipostiwa.

Wanasimulia na jingine. Kundi lilipoendelea juu, aliyebaki na mwanadada ni kijana wa pale pale kijijini aliyekodiwa kubeba mizigo. Akaweka mabegi chini, akakaa naye, wakapiga stori. Wakati wa kushuka, bibi mmoja mwenye nyumba chini ya kilima akamtolea kigoda na ndizi za kuchoma, akamwambia, "Pumzika mjukuu wangu, mlima hauhami." Bibi wala hakujua kama mgeni wake ni mtu wa kwenye runinga. Katika picha zote zilizorushwa wikiendi ile, na ni nyingi balaa, kijana wa mizigo hayumo na bibi hayumo. Kijana alipewa nini baada ya siku nzima, wenye safari wanakijua wenyewe, na kwa walivyolikwepa swali hilo, hawana cha kujivunia.

Ratiba ilikuwa na Jumapili ya kwenda Kyerwa, kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata. Ikafutwa, eti muda umeisha. Hapo ndipo walipokosea kabisa, kwa sababu kwa mtu anayeanza, Mtagata ni nusu nzuri ya safari. Ni bonde lenye miti, maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, na watu wamekuwa wakiyafuata kwa ajili ya tiba tangu enzi na enzi. Henry Morton Stanley alipotembelewa na hamu ya kuyaona mwaka 1876, aliwakuta wagonjwa wamejazana, wanaoga na kulala humo majini. Pale mtu anakwenda na mwili wake ulivyo, wenye vidonda, wenye maumivu ya mgongo, wazee. Miguu iliyochoka Jumamosi kilimani ingeingizwa majini Jumapili, na mwanadada angerudi Dar na picha nyingine kabisa ya wikiendi yake.

Safari ijayo ya kijana imeshatangazwa, maneno ni yale yale, mwepesi, mtakatifu, wikiendi. Kabla hajapokea pesa ya mtu, kuna vitu vya kurekebisha ambavyo havihitaji hata mtaji. Ile picha aishushe, na amwombe dada msamaha hadharani, pale pale alipomchekea. Watu waanze kupanda alfajiri na mapema, saa kumi na mbili wawe njiani. Akwepe miezi ya mvua za masika. Wenye kilima wapigiwe hodi kwanza, na atafutwe mzee wa kuwasimulia wageni kabla hawajakanyaga. Kijana wa mizigo aambiwe malipo yake asubuhi, si jioni. Na kwenye msafara, mwenye mwendo wa pole kuliko wote atangulie mbele, wengine wote wamfuate nyuma, na huyo wa mbele akikaa kwenye jiwe, msafara wote unakaa.