Bonde la Ruzizi: Ndege wazuiwe shambani, lakini si kwa sumu

Kila mara mpunga unapoanza kujaa maziwa katika bonde la Ruzizi, wilayani Uvira, jimbo la Kivu Kusini, kuna nafasi zinazobaki wazi darasani. Watoto wako shambani tangu alfajiri. Wanapiga mabidoni, wanapiga kelele, wanarusha mawe kwa kombeo ili kufukuza ndege. Wanarudi nyumbani jua likizama. Kazi hiyo inaweza kudumu karibu mwezi mzima, mpaka siku ya kuvuna.

Wakulima wa Luvungi, Luberizi na Sange hawalalamiki bure. Ndege wadogo wa manjano wenye uso mweusi, wale ambao kwa Kifaransa wanaitwa tisserins kwa sababu wanafuma viota vyao kwa majani, wanakuja kwa makundi. Wanaminya punje ikingali laini na kuacha ganda. Suke lililojaa huinama; lililoliwa hubaki limesimama wima. Mama aliyekopa pesa za mbegu na za vibarua anaona hasara hiyo kwa macho kabla hajashika mundu. Mwenye kumwambia kwamba ndege ni uzuri wa maumbile, basi, hajawahi kulipa deni la shamba.

Kwa hiyo swali si kama ndege hao wazuiwe. Lazima wazuiwe. Swali ni kwa njia gani. Na hapo ndipo hasira inapoleta pendekezo la hatari: kutia sumu kwenye nafaka, au kunyunyizia dawa mahali wanapolala.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Katika jambo hili, methali hiyo inapoteza. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, katika mashamba ya mpunga pia, watu walitumia dawa ya wadudu iitwayo kabofurani kuua ndege, kisha nyama ya ndege hao ikauzwa na kuliwa. Sumu iliyokusudiwa ndege iliishia kwenye sahani. Serikali za Kenya na Tanzania nazo zimekuwa zikinyunyizia fenthioni dhidi ya makundi makubwa ya kwelea kwelea. Kenya ilifanya hivyo Kisumu mwezi Januari 2023. Dawa hiyo haichagui: inaua pia bundi, mwewe na ndege wengine wasiogusa mpunga, na ni hatari kwa samaki na kwa mtu. Hata hivyo, kwelea kwelea wanaendelea kurudi.

Nchi zile zina ndege za kunyunyizia na wataalamu wa kusimamia kazi hiyo. Bonde la Ruzizi lina nini? Lina mifereji inayopita mashambani, ambamo watu wanaoga na kufua, na maji yanayoelekea mtoni Ruzizi na kuishia ziwani Tanganyika, kwenye samaki wa Uvira. Lina pia watoto wenye njaa, ambao ndege aliyeanguka shambani kwao ni kitoweo. Atakayetia sumu huko hataweza kusema inaishia wapi.

Tena, ndege huyo huyo anayekula mpunga hulisha makinda yake wadudu. China ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1958, serikali ya Mao Zedong iliwaamuru wananchi kuangamiza shomoro kwa sababu wanakula nafaka. Shomoro waliuawa kwa wingi, nzige na wadudu wengine wakaongezeka, na mwaka 1960 shomoro akaondolewa kwenye orodha ya maadui. Wakati huo njaa kubwa ilikuwa imekwisha kuingia nchini. Ndege si sababu pekee ya njaa ile, lakini kuwaua hakukuokoa mavuno.

Njia zilizo salama zinajulikana. Ya kwanza ni kupanda kwa wakati mmoja. Shamba linaloiva peke yake kabla ya mengine, au likachelewa nyuma yao, ndilo linalovamiwa na ndege wote wa eneo. Mashamba yakiiva pamoja, hasara inagawanyika. Ya pili ni kupalilia, kwa maana mbegu za majani ya porini ndizo zinazowaita ndege kabla ya mpunga kukomaa. Ya tatu ni kuondoa viota vilivyo kando ya mashamba mapema, kabla ya makinda kutoka. Ya nne ni nyavu, angalau kwa vitalu na mashamba ya mbegu. Ya tano ni kuvuna mara tu mpunga unapokuwa tayari.

Hakuna mkulima anayeweza kupanga tarehe ya kupanda peke yake. Mahali ambapo mfereji umejaa matope, maji yanafika kwa huyu leo na kwa yule baada ya wiki nyingi, na kila mmoja anapanda anapoweza. Ndiyo maana suala la ndege ni suala la mifereji pia, na mifereji ni kazi ya serikali pamoja na kamati za wakulima. Sheria ya kilimo ipo tangu Desemba 2011. Kinachokosekana ni mkaguzi wa kilimo kuonekana shambani.

Wengine watasema kwamba kumlipa mtu mzima alinde shamba ni gharama, na mtoto halipwi. Ni kweli. Lakini mtoto analipa yeye mwenyewe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali inasema inatekeleza hilo. Elimu ya bure haina faida kwa mtoto ambaye mwezi mzima yuko juu ya kichuguu akipiga bidoni. Majirani wenye mashamba yanayopakana wanaweza kuchanga na kuweka walinzi wachache watu wazima kwa zamu, hasa asubuhi na jioni, saa ambazo ndege wanakula zaidi. Mashamba yakiiva pamoja, siku za kulinda zinapungua na mchango unakuwa mdogo.

Kabla ya msimu ujao, machifu, wakaguzi wa kilimo, kamati za mifereji na wazazi wanapaswa kukaa pamoja na kukubaliana tarehe moja ya kupanda kwa kila mfereji. Mkutano huo hauhitaji pesa za wafadhili. Chupa ya sumu inaweza kuonekana rahisi kuliko mkutano, lakini bei yake italipwa na watu wote wanaokunywa maji ya Ruzizi.