Chupa iliyodondoka dukani nayo ni kipimo

Wafanyabiashara wa Mutukula hawajaisahau alasiri ya Jumamosi, Septemba 10, 2016. Ardhi ilitikisika mkoani Kagera, zaidi ya watu 15 wakapoteza maisha, na nyumba zikaanguka Bukoba na hata ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai. Mtikisiko ulisikika hadi Rwanda, Burundi na Kenya.

Redio zilitangaza namba moja: 5.9. Ndipo ubishi ulipoanza. Mbona 5.9 hiyo hiyo ibomoe nyumba Bukoba, halafu Kampala iwashtue watu tu? Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba wataalamu walikosea.

Hawakukosea. Hiyo 5.9 ni ukubwa wa tetemeko lenyewe kule chini lilikotokea, na ni moja kwa wote. Kilichokukuta wewe dukani ni ukali wa mtikisiko pale uliposimama. Huo hupungua kadiri unavyokuwa mbali, na huzidi penye udongo laini kuliko penye mwamba.

Ukali una kipimo chake, cha Mercalli, kasisi wa Italia aliyekitoa mwaka 1902; Wamarekani wakakirekebisha 1931. Kina madaraja 12, yanayoandikwa kwa namba za Kirumi kama za saa ya ukutani. Hakihitaji mtambo, kinauliza watu waliona nini. Daraja la III, aliye ndani hudhani lori limepita nje. La IV, vyombo na madirisha hugongana. La V, aliyelala huamka na vitu visivyokaa imara huanguka. La VI, makabati mazito husogea na plasta hubanduka hapa na pale. La VII, jengo imara husalimika, lakini lililojengwa ovyo huharibika sana. La XII tusiombe tulione.

Kwa hiyo shahidi ni mwenye duka. Ramani ya ukali huchorwa kwa majibu ya watu, na pasipo na majibu hubaki pengo. Sisi tetemeko likipita, kila serikali huhesabu nyumba zilizoanguka upande wake, na ni sawa, watu wanahitaji mahema. Lakini kreti zilizopinduka Mutukula na ufa wa stoo ya Kyotera havimfikii mtu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kutoa fomu moja ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu, ikawekwa kwenye vituo vya pamoja vya mpakani. Tunajaza karatasi ngapi pale kwa gunia moja la maharage? Hii ingekuwa na faida.

Fomu hiyo haipo bado. Basi kabla hujalipa kodi ya stoo ya miezi sita, waulize majirani ukuta ule ulifanya nini mwaka 2016. Kama ulipasuka na wa jirani haukupasuka, mwenye stoo akueleze aliurekebisha vipi, kwa saruji na nondo au kwa rangi tu.